Kivuli cha Gavana Hruska

Jumamosi asubuhi Lorene Hruska alikuwa akikanda unga wa kolachi, vimkate vitamu vya Kicheki alivyofundishwa na mama mkwe wake, wakati kivuli cha mumewe kilipoingia kwa mlango wa nyuma. Mumewe mwenyewe, Gavana, alikuwa bado njiani. Siku zote kivuli kilitangulia, na watu wa nyumbani walikitazama kama wakulima wanavyotazama mawingu. Kikiketi, siku ilikuwa njema. Siku hiyo hakikuketi.

"Maren, zima redio," Lorene alimwambia binti yake. "Na leo usimjibu baba yako."

Wapiga filamu walifika kutengeneza tangazo la kampeni yake ya useneta. Katika jimbo lile kila mgombea hupigwa filamu jikoni kwake, mikono kwenye chakula cha nyumbani, familia pembeni. Asiyefungua jiko lake huonekana ana jambo la kuficha.

Gavana aliingia akicheka, akakunja mikono ya shati.

"Jamani, huyu mama akiniachia unga wake, jueni nimeshapita!"

"Utauharibu tu, Dale," Lorene alisema, kama alivyoelekezwa.

Watu wakacheka. Gavana akabonyeza unga kwa kidole gumba ili kuweka jamu. Ukutani, kivuli chake kiliinua mkono kikampiga Lorene. Kichwa cha Lorene kilienda upande, kikarudi, naye akatabasamu.

"Simamisheni," alisema mwongozaji, Bwana Pruitt. "Hiyo taa inatupa kivuli vibaya. Isogezeni."

Taa ikasogezwa. Kivuli kikaangukia sakafuni, kamera isikofika, kikaendelea huko. Mpambaji akampaka Lorene poda shavuni bila kuuliza kitu.

Ikafika zamu ya Maren. Alipewa maneno mawili: Baba hunisikiliza. Lakini wiki nzima alikuwa amejizoeza mengine: Mama anapigwa. Jimbo zima lingesikia.

Kamera ikamgeukia. Alifungua mdomo. Kivuli kikatoka miguuni pa baba yake, kikapanda taratibu gauni la mama yake, kikatulia shingoni. Gavana alikuwa akimtazama bintiye kwa upendo. Lorene alianza kupumua kwa mdomo.

"Sema tu, mwanangu," alisema kwa shida. "Unga utachachuka."

"Baba hunisikiliza," Maren alisema.

"Safi!" alisema mwongozaji. "Tena, dada, na tabasamu."

Katika tangazo kivuli kilionekana kidogo, pembeni. Jirani yao, mzee Stanek, alikiona.

"Kizito kweli," alimwambia Maren kutoka upande wa pili wa ua. "Washington wanataka mtu wa namna hiyo. Siyo hawa wengine, ukiwapulizia wanaanguka."

Gavana alishinda useneta. Ukumbini aliuinua juu mkono wa Lorene, na kwenye pazia nyuma yao kivuli kilimshika Lorene nywele. Watu wakapiga makofi. Maren aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta hata mtu mmoja anayeangalia pazia. Akampata: mke wa jaji mmoja, safu ya mbele, karibu na mumewe aliyekuwa akishangilia. Macho yao yakakutana. Maren akainua mkono kumwita.

Mwanamke yule alimjibu kwa kuchezesha vidole tu, kwa sababu kivuli cha mumewe kilichomlalia kilikuwa kimemkalia mkono mzima.