Koti Kwenye Jino la Kijiko

Kila asubuhi Mzee Tarsisi aliwasha trekta, akainua kijiko cha mbele cha kuchotea mchanga hadi juu ya kichwa chake, akazima. Akatundika koti kwenye jino la kijiko, akaketi chini yake juu ya debe, manyunyu yasimpate, akanywa chai. Alianza zamani, trekta likiwa la chama cha ushirika. Sasa lilikuwa la Bakili, mnunuzi wa kahawa pale Kitai, na mzee alipenda kusema kwamba yeye aliuzwa pamoja nalo.

Jumatatu moja alinyanyuka kufuata sukari. Aliporudi, kijiko kilikuwa kimeshuka kimyakimya, kimeivunja chupa ya chai na kulibonyeza debe.

"Shikamoo, Mzee. Pole," alisema Bonifasia, fundi aliyetoka chuoni mwaka huo.

"Marahaba, mwanangu. Trekta nalo limetamani chai."

"Jeki za kuinua kijiko zimezeeka kama dereva wake," Bakili alisema kutoka mlangoni mwa ghala.

"Afadhali sisi tumezeeka tukibeba. Wewe kitambi tu."

Bonifasia hakucheka. Chuoni walifundishwa kwamba trekta likizimwa, kijiko kilazwe ardhini. Miezi miwili alikuwa akimwona mzee chini ya chuma kile, na miezi miwili ulimi ulikuwa mzito. Angemfundishaje kazi mtu aliyemzidi baba yake umri?

Akaanza kukagua. Mafuta ya kusukuma jeki yalikuwa safi na yalifika alama. Kijiko kilipanda upesi hata kikijaa mchanga, kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Hapakuwa na tone lililovuja nje. Akakipandisha hadi mwisho, akakiegemeza kwa magogo, akazima na kutoa presha. Akafungua paipu ya juu ya kila jeki, akaziba midomo ya paipu, kisha akamwomba mzee awashe na kusukuma mkono wa kuinulia kijiko, ule ulio kando ya kiti. Kama sili, raba za ndani ya jeki zinazozuia mafuta, zingekuwa zimekwisha, mafuta yangepita na kutokea juu. Hayakutoka.

Ilibaki valvu ya kufungia mafuta, inayoendeshwa na mkono huo. Mzee alipokwenda kunawa, Bonifasia alirudisha paipu, akaufuata ule mkono kwa macho. Ulikuwa umefungwa kwenye kiti kwa kipande kipya cha tyubu ya baiskeli, usigongegonge barabarani. Tyubu iliuvuta kidogo tu, lakini kidogo hicho kiliacha valvu wazi na mafuta yakarudi polepole.

Akaifungua, akaitia mfukoni. Mkono ukarudi katikati wenyewe. Akaondoa magogo, akakiacha kijiko juu. Mpaka saa sita kijiko hakikushuka hata kidogo.

"Ilikuwa valvu," aliwaambia mzee na Bakili. "Imekaa sawa."

Walimsifu, naye akainama kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Kesho yake alikuta koti limetundikwa, na mzee ameketi chini ya kijiko na chupa mpya ya chai. Kwenye mkono wa kuinulia palikuwa na tyubu nyingine. Upindo wa koti ulikuwa tayari umeshuka hadi kugusa tope.

"Mzee, toka hapo."

"Ngoja nimalize kikombe."

"Toka sasa hivi."

Mzee hakuwahi kuisikia sauti ile kwake. Akatoka, kikombe mkononi.

"Ile tyubu ya jana niliitoa mimi," Bonifasia alisema. "Ndiyo iliyoshusha kijiko. Niliona haya kukwambia kwamba kosa lilikuwa lako. Lakini hata bila tyubu, Mzee, usikae tena chini yake. Kila siku nikija kazini naogopa nitakukuta umekufa."