Mguu wa Kushoto wa Greda

Uliona. Usijifanye hukuona. Ulikuwa umeegemea mlango wa karakana ya mbao, soda mkononi, jioni ile Greda alipogeuka kumfuata mwenzake wa mazoezi na mguu wake wa kushoto ukachelewa kugeuka naye. Ukainua macho ukaangalia mabati ya paa, kana kwamba kuna ndege amepita. Na wenzako wakaangalia mabati. Halafu mkarudi kwenye ubishi wenu.

Ubishi wenyewe ulikuwa mtamu, hilo halikataliwi. Pambano la uzito wa juu, raundi kumi: Greda, mtu wa kusonga mbele, asiyekuwa na gia ya kurudi nyuma, dhidi ya Kambale, mrefu, mwepesi wa miguu, anayeteleza wakati unaamini umeshamkamata. Kinyozi alikuwa wa Greda. Mkasi ukiwa umesimama hewani juu ya kichwa cha mteja, alieleza kwamba Kambale atapendeza raundi nne za mwanzo, atarukaruka, atapigiwa makofi, lakini wakati huo Greda atakuwa anamtia ngumi za mbavu, moja leo moja kesho, na ngumi ya mbavu haina haraka. Raundi ya saba Kambale mwenyewe atauliza kiti kiko wapi. Fundi viatu, aliyekaa nje ya kibanda cha kinyozi na sindano yake, alimcheka mpaka uzi ukamkatikia. Kwa hesabu zake yeye Greda ana mikono miwili ya kupigia na uso mmoja wa kupokelea, na Kambale ataugonga huo uso kama watu wanavyogonga mlango wa choo cha stendi.

Watu walicheka. Ndiyo, na wewe ulicheka.

Aliyekuwa hatabiri kitu ni mwenye karakana. Alikuwa dada yake Greda, mkubwa kwake, seremala aliyerithi randa na misumeno ya baba yao, na mtaa ulikuwa umezoea kumwita Fundi. Mchana alitengeneza vitanda na madirisha. Jioni meza zilisukumwa ukutani, kamba zikafungwa kwenye nguzo nne, na karakana ikageuka ukumbi wa ngumi wa mjomba wao, ndugu wa mama, kocha wa Greda tangu Greda anaitwa jina lake la nyumbani. Sakafu ilikuwa imetandazwa unga wa mbao. Unga huo ulimeza jasho, ulimeza damu ya pua, na ulizuia watu kuteleza.

Fundi hakupenda ngumi. Lakini kila asubuhi ndiye aliyefungua, na kabla meza hazijarudi mahali pake alikuta unga ule umeandikwa nyayo. Miaka nenda miaka rudi, akajifunza kuzisoma bila kufundishwa. Mwenzake wa mazoezi, aliyejifanya Kambale wa siku hiyo, aliacha duara kubwa kandokando ya kamba. Nyayo za Greda hazikuwa duara. Zilikuwa mistari mifupi kutoka katikati, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli, kwa sababu Greda hakuwa akimfukuza mtu. Mtu anayezunguka hafukuzwi, kama vile kuku hafukuzwi uani. Unaangalia anaelekea wapi, unatangulia wewe, ukifika unamsubiri. Huko ndiko kukata ulingo, na ndiko kulikomfanya bwana yule mfupi, mzito, awafikie wote waliojua kukimbia.

Tangu mvua za mwisho sakafu ilikuwa inaandika kitu kingine. Duara kubwa la mkimbiaji, na ndani yake duara dogo. Greda anafuata. Hakati tena, anafuata tu, hatua moja nyuma, na anayefuata anapigwa njia nzima. Na upande mmoja wa lile duara dogo kulikuwa na mchirizi, kama mtu ameburuta kidole kwenye unga wa ngano. Ulikuwa wa mguu wa kushoto.

Fundi alijiambia ni kiatu. Akavipeleka viatu vya mdogo wake kwa fundi viatu vikawekwe soli mpya. Fundi viatu alivigeuza, akakuta soli ya kulia nzima kabisa na ya kushoto imelika ncha peke yake, akaguna. Akazibandua soli za zamani, akazitupa chini ya kiti chake. Akabandika mpya, akavirudisha, na alasiri ile ile akaendelea na utani wake wa mlango wa choo. Kwa hiyo na yeye alijua. Shikilia hilo kichwani, maana tutalihitaji.

Kisha nyayo zikaacha kuonekana. Asubuhi hadi asubuhi Fundi alikuta sakafu imefagiwa, unga umesawazishwa kama shuka la hospitali. Mjomba alisema anampunguzia kazi. Fundi akashukuru, hata akamwonea huruma mzee yule aliyewalea baada ya baba yao kufariki, kwamba magoti yanamuuma na bado anainama na ufagio kwa ajili yake. Mpaka jioni aliyorudi kuchukua futi yake ya kupimia mbao aliyoisahau. Alimkuta mjomba peke yake, mgongo mlangoni, anafagia. Hakuwa akifagia ukumbi mzima bado. Alikuwa akifuata ule mchirizi tu, taratibu, hatua kwa hatua, anaufuta. Aliposikia mlango alikanyaga kipande kilichobaki.

"Mjomba," Fundi akasema, "toa mguu."

Hakuutoa. Alianza kueleza mambo mengi: kwamba bondia akikaza mazoezi miguu huwa mizito, kwamba baada ya pambano hili Greda atapumzika, kwamba akishinda hili la Kambale ndipo milango itafunguka na hatahitaji kupigana na kila mtu. Alieleza kwamba daktari wa chama cha ngumi ameshampima na hakuona tatizo. Fundi alikuwepo siku hiyo ya kupimwa. Daktari alimmulika Greda tochi machoni, akamuuliza leo siku gani. Greda alitabasamu, akafikiri, akatabasamu tena. Mjomba akajibu, "Alhamisi, dokta, huyu kichwani ana Kambale tu," na dokta akacheka, wote wakacheka, tochi ikazimwa.

Nyumbani Fundi alilala macho wazi. Alikuwa na mengine aliyokuwa akiyapita: Greda kuuliza swali lile lile mara mbili wakati wa chai, Greda kumimina maji pembeni ya kikombe na kulaumu meza. Yaliyomtisha zaidi hayakuwa hayo. Kilichomtisha ni kwamba Greda hakuwahi kuanguka. Bondia dhaifu wa kidevu akipigwa vibaya anaanguka, anahesabiwa, anarudishwa kwao, mwakani anauza nyanya zake na anakumbuka majina ya wanawe. Huyu wa kwake alikuwa anasimama. Watu walimlipia kiingilio kwa sababu alikuwa anasimama. Kambale si mpigaji mzito, hatamwangusha, atamgonga raundi zote kumi, na ukumbi utasema pambano lilikuwa zuri.

Na kama unadhani hayo ni mawazo ya mwanamke mwenye wasiwasi, mkumbuke Nyundo. Usiniambie humkumbuki. Alikuwa bingwa wenu kabla ya huyu, mkambeba mabegani mkamzungusha mtaa. Siku hizi binti yake humshika mkono kumvusha barabara, na ikilia kengele ya baiskeli anainua ngumi usoni na kuanza kuchezacheza, na kuna watu wazima wenye ndevu zao wanaopiga kengele makusudi. Aliyekuwa kwenye kona ya Nyundo, aliyeshika taulo na asilirushe ulingoni kusimamisha pambano, ni mjomba huyu huyu. Hakuna aliyemuuliza wakati ule. Kumbukumbu za watu huwa fupi pale zinapotaka kuwa fupi.

Ijumaa, siku moja kabla ya pambano, mtangazaji wa redio alikuja karakana na kinasa sauti chake kukusanya utabiri. Karakana ilijaa. Kinyozi alitoa raundi yake ya saba kwa sauti ya mhubiri. Fundi viatu alisema Kambale kwa pointi, akaongeza kwamba Greda awahi kununua barafu kabla haijapanda bei. Mjomba alisema kijana yuko fiti kuliko maisha yake yote. Greda mwenyewe alikaa kwenye benchi la kupigia randa, mikono imefungwa bandeji, anacheka kila walipocheka wengine, mara nyingine akichelewa kidogo. Kisha mtangazaji akamgeukia mwenye karakana, kwa adabu tu, ili kumaliza kipindi. Dada wa bondia anampa ndugu yake raundi ya ngapi?

Fundi alikuwa na gunia la unga mpya wa mbao miguuni. Alilimwaga sakafuni, akausambaza unga kwa ubapa wa ubao kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyemzuia kwa sababu walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Mdogo wangu," akasema, "tembea mpaka pale aliposimama kinyozi urudi."

Greda akacheka, akasimama, akatembea. Mguu wa kulia uliacha nyayo. Wa kushoto uliacha mchirizi, kwenda na kurudi.

Mjomba alisema ni viatu. Fundi akamwambia Greda avue. Greda akavua, akatembea tena peku, na safari hii vidole vyenyewe ndivyo vilivyochora. Watu walianza kutafuta pa kuweka macho. Wengine waliyapata mabati. Kinyozi alikuwa na kitu cha kukagua kwenye kucha zake. Mtangazaji alibonyeza kitufe, taa nyekundu ya kinasa sauti ikazimika, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hii haitarushwa, si kipindi cha mambo ya afya.

Mjomba alienda kuchukua ufagio ukutani. Greda akamfikia kabla, akauchukua kutoka mkononi mwake kwa upole, kama unavyomnyang'anya mzee kitu kizito. Alikuwa anaangalia chini. 

"Kumbe ndivyo," akasema. Halafu akamgeukia dada yake, si kwa hasira. "Dada, huu mguu nilikuwa nausikia. Nilidhani nausikia peke yangu."

Fundi akamwambia basi aseme. Aseme hapa hapa, mbele ya watu, kwamba kesho hapigani.

Greda akatikisa kichwa. "Mimi nikisema, mimi ni mwoga mpaka nizikwe. Hilo siliwezi, dada, unanijua. Nikiitwa kesho nitapanda. Lakini akisema mtu mwingine, nitanyamaza. Sitabisha." Akawatazama mmoja mmoja, kinyozi, fundi viatu, wote wale walioimba jina lake. "Humu ndani kuna mtu mwingine?"

Fundi alisema yeye atasema. Lakini alishajua, na Greda alishajua, kwamba sauti ya dada ni ya dada: watasema anamhurumia ndugu yake, watamweka pembeni kwa heshima na kengele italia. Hata hivyo alitoka jioni ile ile na vumbi lake la mbao nguoni, akaenda hotelini kwa mwandaaji wa pambano. Alikaribishwa kiti. Alisikilizwa. Akaambiwa kocha amesema kijana yuko salama, daktari amesema kijana yuko salama, na mtaa mzima, ambao unamwona kila siku, haujasema neno. "Wewe peke yako ndiye unayeona, mama?"

Swali hilo halikuwa lake. Lilikuwa lako.

Kwa hiyo sasa funga huu ubishi wa raundi ya saba. Greda amekaa karakana, bandeji mkononi, anasubiri mtu. Hasubiri dada yake, dada yake yupo. Ukumbi unafunguliwa kesho saa nane mchana. Usinitolee hoja kwamba wewe si daktari. Ulipoona mguu ukichelewa hukuhitaji shahada. Usiniambie wengine watasema. Nenda kamwamshe fundi viatu, aje na ile soli aliyoibandua, aseme ilikuwa imelika vipi. Mtoe kinyozi kwenye kiti chake. Kama hawaji, nenda mwenyewe. Simama mlangoni, mbele ya foleni, mtafute mwandaaji, mtafute mwamuzi, mtafute daktari mwenye tochi, na uwaambie kwa sauti ambayo watu wa nyuma wataisikia: nimeona, huyu mtu haendi ulingoni.

Weka chini hicho ulichoshika. Nenda.