Galoni Elfu Kumi na Nane

…anabonyeza tena kikokotoo, mara ya tatu hii, kwa kidole kimoja kama anayegusa sufuria ya moto, kisha anatazama karatasi ya vipimo aliyoibandika ukutani, kisha ananitazama mimi, siyo mdogo wangu pale kwenye benchi, mimi niliyeleta malalamiko, “Haifiki, mama,” anasema, haifiki nini, hesabu nimeileta imeiva, kazi ya karani wa maji ni kugonga muhuri tu lango la maji la mdogo wangu lifungwe msimu mzima, mbona anachimbachimba, au wameshaonana hawa, nimeona walivyopeana mikono pale mlangoni, mkono umekaa mno kwenye mkono, na mkono mtupu haulambwi… huyo naye kaweka kofia gotini, tangu aseme “Dada, umeamkaje” hajafungua kinywa, asiye na hatia angepiga kelele, kimya kingi kina mshindo mkuu, na kikulacho ki nguoni mwako, baba alituachia kisima kimoja, mashamba mawili yanayolingana na karatasi moja yenye mwandiko wake, kila mtoto galoni elfu tisini kwa zamu, mimi nikabaki na kipimo cha zamani cha baba kinachosoma galoni, yeye akafunga kipya kinachosoma mita za ujazo, hapo ndipo niliponusa kitu, mtu abadilishe kipimo cha nini kama hana la kuficha, nikawa naenda kuchungulia langoni kwake kila zamu yake ikiisha, mia nne kumi na moja, zamu nyingine mia nne kumi na moja, mwizi mwenye adabu zake, nikaiuliza simu, simu ikasema kila mita ya ujazo ni galoni mia mbili sitini na nne, nikazidisha, nikarudia hesabu mara tano nisimsingizie mtu, laki moja na elfu nane na mia tano, yaani elfu kumi na nane na ushee juu ya haki yake, kila zamu, maji yangu hayo, nikamwagiza mlinzi wa kisima amkatie zamu mbili kufidia, vitunguu vikamnyaukia, akaja akasimama uani kwangu, “Dada, nimekosa nini?” nikamwambia jiulize mwenyewe, akaondoka anajiuliza kweli, nilimwona… “Mimi napata galoni elfu tisini na mia nne ishirini,” karani anasema, “mita moja ya ujazo ni galoni mia mbili na ishirini, hii yako umeitoa wapi?” kwenye simu, namjibu, simu haili chai ya mtu, na yeye hata hakasiriki, jambo ambalo pia silipendi, “Simu imekupa galoni ya Wamarekani, mama, ile ni ndogo, karatasi ya mzee na kipimo chake ni galoni ya Waingereza,” ehe, sasa galoni nayo ina kabila, galoni ni galoni bwana, debe ni galoni nne, hilo nalijua tangu sijang'oa jino, baba alilipiga rangi debe lake na kuandika nne ubavuni, asubuhi zote zile nikilimimina kwenye dumu la lita ishirini, debe moja, na dumu linakaribia shingo, zinabaki lita mbili hazitimii, hapo ndipo nilipokuwa naongeza kwa kopo… ngoja… galoni ya simu ni lita tatu na robo tatu, hivyo ndivyo ilivyosema, basi nne ni lita kumi na tano, debe lingeacha robo nzima ya dumu tupu, na halikuacha, halijawahi kuacha, mikono yangu inajua uzito ule, kila galoni ya baba ni lita nne na nusu, Mungu wangu, mia nne kumi na moja zake ni elfu tisini zangu, sawasawa, hizo mia nne na ushee za juu ni mtikisiko wa kipimo tu, hakuna elfu kumi na nane, hazikuwapo hata siku moja… “Karani, usibishane naye,” mdogo wangu anasema, sauti ya chini, bila uchungu, “andika hesabu ya dada, huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu, akisema nimezidisha basi nimezidisha,” na mimi kimya chake nilikiita hatia, kumbe alikuwa ananiamini tu, anaketi pale tayari kufungiwa maji kwa neno langu, na kalamu ya karani iko juu ya fomu, haijagusa, nikinyamaza itaandikwa hivyo, atakufa akiamini aliniibia, na duniani nitakuwa mimi peke yangu ninayejua nani alichukua zamu mbili za nani, “Niandike ipi, mama?” karani anauliza, na mdogo wangu pale kwenye benchi ananitikisia kichwa kidogo, kunitia moyo.