Aliyemwita Mgeni

Saa saba mchana mlango wa chumba cha Elinaza uligongwa kwa fujo na kijana wa sokoni. "Sista, Mfaume anakuita. Sasa hivi!"

Mfaume alikuwa mkubwa wa makuli wa upande mmoja wa soko la ndizi. Upande wa pili alikuwa Badru. Wiki iliyopita watu wao walikatana mapanga wakigombea malori.

Elinaza alikuwa akisomea historia chuoni. Asubuhi ile redio ya mtaa ilimwalika asimulie habari za Wafrisia wa Ulaya ya kale: watu wasio na mfalme, kila mkubwa na ngome yake ya mawe, wakagawanyika makundi mawili na kuuana miaka zaidi ya mia. Muda ukaisha kabla hajamaliza.

Kijana alimpeleka ghalani sokoni, na humo Mfaume alikuwa amekaa juu ya kreti, panga limelazwa miguuni pake. Akawatoa watu wake nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekusikia redioni. Hao Wafrisia wako ni sie?"

"Hapana, mzee. Ni watu wa zamani sana."

"Vita yao iliishaje?"

Angeweza kudanganya, ila uongo wenyewe haukumjia. "Kundi moja lilielemewa. Likamwita bwana mmoja wa nje, wa Saksonia, aje kulisaidia."

"Akalisaidia?"

"Alilisaidia. Kisha akaitwaa nchi yote. Waliomwita na wasiomwita, wote wakawa chini yake."

Mfaume akaruka, akamkamata mkono. "Nani kakwambia habari za tajiri wangu?"

"Tajiri gani, mzee? Wallahi sijui!" Elinaza, Mlutheri wa Machame, hata hakujua kiapo hicho kimemtokaje.

Mfaume akamwachia, akachukua simu.

"Badru? Mie Mfaume. Usikate. Jumamosi kuna mtu anakuja na mabaunsa kulichukua soko. Nimemwita mwenyewe."

Elinaza alitoka taratibu. Alipokata kona akatimua mbio, na jioni ile ile akahamia kwa dada yake Chamazi.

Huko ndiko Zuena, jirani yake wa zamani, alikompigia simu: tajiri alikuja Jumamosi, akakuta makuli wa pande zote mbili wamesimama bega kwa bega getini, akageuza gari. "Rudi basi, shoga," alisema Zuena.

Elinaza hakurudi. Mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu, hukaa kimya kwanza, akisikiliza ni sauti ya nani.