Siipingi Kura

Asubuhi kwetu huanza kwa kusomewa udhuru. Spika anakaa, kengele inalia, halafu anasoma majina ya wabunge ambao hawatakuwapo na sababu zao: huyu mgonjwa, yule ana safari ya kikazi, mwingine ana mambo ya kifamilia. Mimi husikiliza kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya mashine ya kahawa, hapa mgahawani, na siku hiyo sihitaji tena gazeti la umbea. Jumatano ile ya Novemba walioomba udhuru walikuwa ishirini na tisa, wagonjwa kumi na wanne. Katika hao wagonjwa, tisa najua walikuwa milimani Krkonoše, wanateleza kwenye theluji. Theluji ya kwanza ilianguka Jumapili.

Nimeuza supu katika Bunge hili la Prague miaka ishirini na miwili. Nawajua kwa wanavyokula. Ninachopenda ni mgahawa ukijaa, mtu wa chama hiki anakanyagana na mtu wa chama kile wakiwania soseji ya mwisho, wote wanapiga kelele, mmoja kamwaga haradali kwenye tai. Hapo naona nchi ina amani. Kinachoniuma ni meza yenye mtu mmoja.

Na meza hiyo ninayo. Iko upande wanakotundika makoti, na mwenyewe ni mheshimiwa Bohuslav Vrzal. Mwezi wa tatu aliipinga bajeti ya chama chake mwenyewe, jioni ileile wakamfukuza. Ukumbini wakamhamishia safu ya mwisho, pale mlangoni penye baridi. Huku kwangu hakuna aliyemhamisha, watu ndio waliohama. Meza yake ina viti vinne. Kila siku kufika saa tano mtu anamjia: "Kiti hiki kina mtu?" Naye anajibu, "Hakina." Anakuja wa pili, anakuja wa tatu. Saa sita ukitazama, meza ile kubwa imebaki na kiti kimoja, na Vrzal juu yake, kama mtu anayengoja treni kwenye kituo ambacho treni haisimami.

Kabla ya hapo walikuwa wawili. Otakar Šebesta alikula naye miaka tisa. Waliingia Bunge mwaka mmoja, wakapata sukari mwaka mmoja, na kwa sababu daktari aliwakataza maandazi ya mvuke, walikuwa wakiagiza sahani moja na uma mbili, kila mmoja akidai ni ya mwenzake. Siku ya kwanza baada ya Vrzal kufukuzwa, Šebesta alisimama katikati ya mgahawa na sinia yake mkononi. Nilimwona. Alitazama upande wa makoti. Kisha kiranja wa chama chao, Ivona Kratinová, akamwita kutoka dirishani: "Oto! Huku!" Akaenda huko. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

Basi Jumatano ile Vrzal aliingia mapema, mgahawa ukiwa bado mtupu. Aliagiza kahawa nyeusi, akanilipa, akataka kunilipa tena.

"Mheshimiwa, umeshalipa."

"Leo ni sheria ya shule, Mama Blažena."

Nilijua. Alikuwa ameniambia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kupanda jukwaani badala yake. Sheria mpya ilisema shule ya kijijini yenye watoto chini ya kumi na watano ifungwe. Yeye alileta marekebisho ya mstari mmoja: badala ya kumi na watano, kumi. Kwao, Horní Javořinka, shule ina watoto kumi na mmoja. Nyumba yake inatazamana nayo. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, binti yuko Kanada.

"Ijumaa nikishuka kwenye basi," aliniambia, "sauti pekee ninayoikuta kijijini ni ya watoto wale wakitoka darasani. Ikifungwa, nitakuwa nasikia friji yangu."

"Umehesabu kura?"

"Mara nne. Inapungua moja."

"Si uzungumze na watu!"

"Nimezungumza na wote wanaoitikia salamu yangu. Haikuchukua muda mrefu."

Akanywa kahawa yake akiwa amesimama, akaenda.

Saa nne na nusu mgahawa ulikuwa umefurika. Kratinová alikuwa dirishani na watu wake, anawagawia maagizo kama mama anayegawa nyama. "Marekebisho ya Vrzal, tunapinga. Sitaki kusikia habari za kijiji cha mjomba wa mtu. Tunapinga." Pecháček, yule mnene anayependa mizaha, akauliza kama anaweza kupinga huku akimalizia soseji. Šebesta alikuwa kando yake, anakoroga chai isiyo na sukari.

Kengele ikalia. Ungewaona! Wanaacha supu, wanakimbia na mkate mdomoni, ngazini wanasukumana kama wanafunzi waliochelewa. Nikabaki na vijiko vyao na televisheni.

Vrzal alipewa dakika mbili. Ukumbi ulikuwa na kelele, Spika akaomba utulivu mara mbili na hakuupata. Vrzal akasoma mstari wake, akataja idadi ya watoto, akashukuru, akarudi mlangoni kwake. Spika, kama kawaida, akawatoa wote kwenye mtambo wa kura ili kila mtu achomeke kadi yake upya, tujue nani yupo kweli. Wakachomeka. Nani anaunga mkono? Nani anapinga? Kengele fupi.

Waliopo mia moja sabini na mmoja. Zinazotakiwa themanini na sita. Ndiyo, themanini na sita.

Niliachia sahani, lakini haikuvunjika. Kwenye televisheni Vrzal hakuinuka hata kidogo. Kratinová ndiye aliyeinuka, akaomba dakika kumi za kukagua kura, na Spika akampa.

Hapa lazima niseme jinsi mambo yanavyokwenda, maana kila kitu kiliangukia hapo. Kura ikishapigwa, mtambo unatoa karatasi yenye jina la kila mbunge na alichobonyeza. Watu hukosea vitufe kila siku, mmoja anaongea na simu, mwingine amesinzia. Aliyekosea ana ruhusa kwenda kwenye kipaza sauti kabla ya kura inayofuata. Anaweza kusema alikusudia hivi, karatasi inaonyesha vile, lakini haipingi kura. Hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu tu, ajisafishe mbele ya chama chake, na matokeo yanabaki yalivyo. Au anaweza kusema anaipinga kura. Hapo inarudiwa. Na ingerudiwa, Vrzal amekwisha, kwa sababu Kratinová alikuwa ameshapiga simu tangu asubuhi na wagonjwa wawili walikuwa wanapanda ngazi, wazima kabisa, mmoja amevaa viatu vya theluji.

Wakarudi mgahawani kwa kishindo. Vrzal aliingia miongoni mwao akaenda kwenye meza yake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Šebesta alikuja kaunta kuomba chai. Kratinová alimfuata na karatasi.

"Oto. Soma hapa."

"Sina miwani."

"Nitakusomea. Šebesta, ndiyo."

"Ah. Basi ni kidole."

"Kidole! Miaka kumi humu ndani, leo ndiyo kidole kimeteleza?"

"Vitufe vimekaribiana, Ivona."

Pecháček akadakia kutoka nyuma: "Tumpe mzee kitufe kimoja tu, kikubwa kama sahani ya Mama Blažena! Kukosa akose kwa kukusudia!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, nikajuta. Kratinová hakucheka.

"Sawa," alisema, sasa kwa sauti ya chini, lakini mimi kati ya mashine na kaunta nasikia mpaka mtu anavyomeza. "Kidole kimeteleza, hakuna aliyekufa. Nenda pale, sema ulikusudia kupinga, karatasi inasema ndiyo, na unaipinga kura. Sentensi moja. Tunarudia, tunamaliza, tunakuja kula."

"Nitaenda kusema."

"Kwamba unaipinga."

"Nimekusikia, mama."

"Januari tunaandika orodha ya wagombea, Oto. Nisingependa nami kidole changu kiteleze."

Akaondoka. Šebesta akalipia chai, hakuinywa. Njia ya kwenda mlangoni kwangu ni nyembamba, inapita kando ya makoti. Alipofika kwenye ile meza, koti lake lilikwaruza mgongo wa kiti cha Vrzal. Vrzal alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia yote. Nilitamani mmoja wao akohoe tu, basi. Hakuna aliyekohoa. Šebesta akapita.

Nilizima mashine ya kahawa nipate kusikia vizuri. Foleni ikalalamika, nikawaambia imeharibika.

Kwenye televisheni nilimwona Šebesta akishuka ngazi za ukumbi kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu, ingawa magoti yake ni mazima. Akafika kwenye kipaza sauti. Akatoa miwani mfuko wa kifuani, akaivaa, akaitazama ile karatasi.

"Mheshimiwa Spika, wabunge wenzangu. Katika kura iliyopita nilikusudia kupinga. Karatasi inaonyesha nimesema ndiyo."

Akaikunja karatasi. Ukumbi, uliokuwa unapiga kelele tangu asubuhi, ulikuwa kimya. Kratinová alikuwa ameshashika kadi yake, tayari kuchomeka tena.

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu," akasema. "Siipingi kura."

"Asante, imeandikwa," Spika akasema harakaharaka, maana naye binadamu, ana njaa. "Tunaendelea na hoja inayofuata."

Ndivyo shule ilivyopona, kwa mtu kutamka maneno mawili na kurudi kukaa.

Saa saba walikuja kula, na mgahawa ulijaa kama ninavyopenda. Lakini niliona jambo ambalo sikulipenda. Watu wa Kratinová walikuwa wameunganisha meza mbili kule kwenye nguzo. Dirishani amebaki Šebesta peke yake na supu ya dengu. Akaja kijana wa chama chake: "Kiti hiki kina mtu?" Akajibu, "Hakina." Akaja wa pili.

Vrzal aliingia mwisho. Wawili wa vyama vingine walimpa mkono, mmoja akampiga bega. Alikuja kaunta macho yamemwiva. Nikamwinamia.

"Nenda ukae naye. Nawaletea maandazi ya mvuke, sahani moja, na leo daktari atanisamehe."

"Taratibu, Mama Blažena."

"Taratibu nini? Hebu mtazame alivyo!"

"Nimemtazama. Nikienda pale sasa hivi, Ivona atajua haikuwa kidole. Kwa sasa ana shaka tu, labda mzee alichanganya maneno pale kwenye kipaza sauti. Kwa shaka peke yake ni vigumu kumkata mtu kwenye orodha."

"Basi hata asante?"

"Asante ndiyo mbaya kuliko zote."

"Kesho, basi. Wiki ijayo."

Alifikiri. Nadhani alikuwa anahesabu miezi mpaka uchaguzi. "Hapana," akasema. "Wiki ijayo pia hapana."

Kisha akatoa simu. Kuta zetu ni nene, za zamani, simu inashika vizuri hapo kaunta tu, kwa hiyo siri zote za jamhuri hupita mbele ya supu yangu. Akampigia mwalimu mkuu wa Javořinka, Mwalimu Drahuše. Ilikuwa mapumziko huko, kelele za watoto zilitoka kwenye simu mpaka mimi nilizisikia.

"Mwalimu? Haifungwi. Nasema haifungwi!"

Vrzal ni mtu wa sauti ya chini, miaka yote hiyo huwa namwomba arudie agizo lake. Safari hii alikuwa anapaza sauti kama anayeuza samaki, na uso ameuelekeza kwangu, mgongo dirishani.

"Hapana, si mimi. Kura zilikuwa hazitoshi. Kuna bwana mmoja alikosea kitufe… Ndiyo, alikosea! Amekiri mwenyewe mbele ya Bunge zima… Eh, mzee, macho hayaoni tena." Akasikiliza, akacheka, akazidi kupaza. "Mwalimu anasema huyo bwana siku yoyote akipita Javořinka asibishe hodi, aingie tu, watoto watamwimbia!"

Foleni nzima ikacheka. Pecháček akapiga makofi juu ya meza. Hata Kratinová alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye nyama yake.

Šebesta hakucheka. Alikuwa ameinamia bakuli. Mara moja tu akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizwa kama chumvi imetosha.

Vrzal akabeba sinia yake mpaka upande wa makoti, akakaa akiligeuzia dirisha mgongo. Halafu wakala, kila mmoja kwenye meza yake.