Shahidi Aliyevushwa Mto

Jumatatu ile Eulalia Barrientos alikuwa akichemsha kahawa ofisini kwake mjini Laredo, upande wa Texas, Don Refugio Cantú alipoingia, akapangusa viatu mlangoni na kutundika kofia yake. Alikuwa amezikwa wakati wa Kwaresima. Eulalia alimmiminia kikombe. Mzee akaonja, akakunja uso.

"Bado unapika kahawa ya hospitali, mwanangu," alisema, akaketi dirishani.

Tangu azikwe hakuwahi kukosa siku ya kazi. Ndiye aliyemtoa Eulalia kwenye mashamba ya vitunguu, alikokuwa akivuna na wazazi wake, akamsukuma hadi akawa wakili, na kufa hakukumfanya aone kuwa amemaliza kumfundisha. Makarani wa mahakama walimsalimu kama zamani. Jaji Escamilla alikuwa amekwisha kuamua kwamba marehemu anaruhusiwa kuketi kando ya wakili, ila asiseme, kwa kuwa leseni yake ya uwakili ilikoma alipokata roho.

Wiki hiyo walikuwa na shauri la Doña Herlinda Pruneda. Mwanawe, Baudelio, aliingia kusafisha tangi katika kiwanda cha kusindika pilipili, hewa ya humo ikamuua. Kiwanda kilidai hakuna aliyemtuma. Eti kijana alijiingiza mwenyewe. Wenzake wote walikuwa wameingiwa na woga, hawakumbuki kitu. Eulalia alimwambia mwalimu wake kwamba bila shahidi wamekwisha.

"Shahidi yupo," alisema Don Refugio. "Mimi huonana naye kila jioni. Nitamleta."

Akamleta. Baudelio alipanda kizimbani na buti zake za mpira, akinuka siki na pilipili mpaka karani akafungua dirisha. Mama yake alimwashiria afute shavu. Wakili wa kiwanda hakupinga marehemu kula kiapo. Aliomba tu shahidi asogezwe kando kidogo, maana yeye wakili macho yalikuwa yakimwasha. Kijana akaeleza kwamba msimamizi alimwambia aingie tangini, la sivyo aende nyumbani asirudi tena.

"Niliita nikiwa ndani," alisema. "Msimamizi akafunga kifuniko. Kulikuwa na wageni kiwandani, hakutaka wasikie harufu."

Wakili wa kiwanda aliinuka, akauliza swali moja tu: shahidi alikuwa na kibali cha kuishi nchini? Eulalia akapinga. Baudelio, aliyekuwa amelelewa kusema kweli, alijibu kwamba alivushwa mto wa mpakani akiwa mtoto mchanga, na ombi lake la karatasi za ukaazi lilikuwa bado halijajibiwa alipokufa.

Jaji Escamilla aliweka kalamu chini. Akatamka kwamba mtu asiyeruhusiwa kuwepo nchini hahesabiki kuwa amekuwepo mahakamani. Ushahidi ukafutwa, shauri likatupwa. Maafisa wa uhamiaji walikuwa wameshafika mlangoni. Pingu zilimpita Baudelio mikononi kama moshi, basi wakamwomba awafuate, naye akawafuata. Don Refugio, mzaliwa wa Laredo, hakuulizwa lolote.

Ndipo mzee akasimama, akavunja amri ya kunyamaza. Jaji naye alikuwa mwanafunzi wake, miaka mingi kabla ya Eulalia.

"Ramiro, hili sikukufundisha mimi."

"Ulinifundisha, Mwalimu," alisema jaji, bila ukali. "Ulisema nikitaka kufika hapa, nisionekane nikiwahurumia watu wa kwetu."

Don Refugio akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Eulalia alimwona akifanana na maiti.

Nje ukumbini alimuuliza kama ni kweli. Mzee alisema ni kweli. Alidhani ingekuwa kwa muda tu, mpaka Ramiro akae vizuri kwenye kiti cha ujaji.

"Mbona mimi hukuniambia hivyo?"

"Nilikuambia. Hukunisikiliza."

Siku hizi, kila Jumapili, Doña Herlinda huvuka daraja la mpakani hadi Nuevo Laredo, walikompeleka Baudelio, na sufuria ya tamale, maandazi ya mahindi yaliyopikwa ndani ya maganda yake, akala na mwanawe kwenye benchi la uwanjani. Kiwanda kile kina tawi upande huo. Wamemwajiri Baudelio kusafisha matangi, kwa kuwa hewa ya humo haiwezi kumdhuru tena, na msimamizi anamsifu. Mama alipokuja ofisini kuuliza kama hapo pana kesi, Don Refugio alitazama dirishani. Eulalia alimvutia kiti, akamwambia hapana kesi.