Usitikisike, Mama

Jumamosi ile Merle Hocking alikuwa jikoni kwake mjini Ipswich, jirani na Brisbane, akikoroga unga wa vikeki vya kikaangoni. Sare yake nyeupe ya mchezo wa kuviringisha mipira ilikuwa imeshapigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Mwanawe Garth alipanda ngazi za mbele akiwa na mashine ya miguu mitatu begani.

"Mama, nina shida ndogo."

"Shida zako ndogo nazijua. Ile ya mwisho ilikula gari langu."

"Safari hii nataka ukae tu. Ukae kwenye kiti, usitikisike."

"Kukaa nitakaa. Ila fanya haraka, wenzangu wananingoja uwanjani."

Garth alifanya kazi katika kampuni ya Murray Tench, juu ya duka la mazulia. Kampuni hiyo iliahidi kutengeneza gemu za kompyuta kwa njia ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Gemu za watu wengine hujengwa kwa vipande bapa vilivyovikwa picha, ndiyo maana ukilisogelea jiwe linageuka ukungu. Za Murray zingejengwa kwa nukta, nyingi kama punje za mchanga. Ungelisogelea jiwe mpaka uchoke, na jiwe lingebaki jiwe. Walitoa video, ikapendeza. Lakini watu wa mtandaoni, ambao adabu hawakufundishwa, waliuliza mbona kila kitu kimesimama. Mawe, magofu, miti isiyopepea. "Hata kuku hawezi kutembea humo," aliandika mmoja wao, na Garth alikosa usingizi kwa sababu ya maneno hayo. Alimwamini Murray jinsi wenye mashamba wa kwetu wanavyoamini habari za mvua: kwa kuwa wanaihitaji.

Kwa hiyo alitaka mtu hai, mashine ile imgeuze nukta. Na mtu hai asiyedai malipo ni mama.

Merle alikaa barazani, aproni hajavua, kikombe cha chai mkononi. Garth aliwasha mashine, akainamia skrini. Kichwa cha mashine kilizunguka polepole, mwanga wake ukampita Merle kuanzia utosini hadi viatuni. Kazi ilipokwisha mashine ililia, na Garth akasema, "Haya mama, nenda kwenye mipira yako." Merle hakwenda.

Alikuwa mzima. Ngozi yake ilikuwa na joto. Daktari alikuja, akamsikiliza moyo, akasema hajambo ila hasogei, akaagiza asiachwe juani. Nola, jirani wa ng'ambo ya uzio, alileta kofia pana akamvika. Mvuke wa chai ulibaki umesimama juu ya kikombe, na kila aliyepita barazani alijihadhari asiugonge. Leanne, bintiye mkubwa, alianza kupitia pale kila alipotoka kazini kwenye duka la dawa. Alimpangusa mama yake kwa brashi laini ya rangi, maana vumbi halichagui.

"Msogeze," Leanne alimwambia mdogo wake.

"Kusogea kuko njiani, dada. Murray anasema mwakani."

"Na mwaka jana alisemaje?"

"Alisema mwakani."

"Garth, wewe ni mwanamume mzima, au umeachiwa tu ndevu?"

Garth alijikuna ndevu. Alikuwa amekonda, maskini, na shati lake lilikuwa lile lile la Jumamosi.

Murray mwenyewe alikuja na wageni wenye pesa kutoka Brisbane. Alikuwa jitu la kucheka kwa sauti, mwenye mazoea ya kupandisha mkanda wa suruali kabla ya kusema jambo. Aliwagawia wageni vioo vya kukuzia. "Sogeeni, jamani, msiogope, hang'ati," aliwaambia. Walisogea. Waliona kila uzi wa aproni, na kati ya nyuzi unga, na katika unga punje moja moja, na juu ya punje mikwaruzo ya kinu. Kadiri walivyosogea ndivyo vilivyozidi kuonekana vitu vingine. Mgeni mmoja alipiga magoti mbele ya kidole gumba cha Merle, akakaa hapo mpaka chakula cha mchana kikapoa.

"Na kusogea?" aliuliza mwenzake.

Murray alipandisha mkanda. "Kusogea ni jambo dogo, ndugu yangu. Kubwa tumeshalimaliza."

Walipoondoka waliacha kioo kimoja juu ya meza. Leanne alikichukua, akamtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Mpaka hapo alikuwa akipangusa tu, kwa kuogopa. Aliona kipaji cha uso kimeanza kukunjamana. Aliona mkono wa kushoto umenyanyuka juu ya goti kidogo sana, karatasi ingepita chini yake. Midomo ilikuwa imeachana na ulimi umeinuka kwa neno. Kisha akasogeza kioo kwenye mboni ya jicho. Mle ndani baraza lote lilikuwamo, na ngazi, na mashine ikizunguka, na Garth nyuma ya mashine ameinama. Alikuwa ametazama skrini. Leanne alisogea tena, mpaka akaona hata kitufe cha kuzimia mashine. Kilikuwa karibu na mkono wa Garth, chekundu, kikubwa kama kizibo cha chupa.

"Alikuita," alisema.

Garth alichukua kioo, akatazama kwa muda mrefu. "Nilikuwa naangalia kazi, dada."

"Alikuwa anakuambia usimamishe! Alikuwa anataka kusema nini, Garth? Aliumwa? Aliogopa?"

"Akisogea atatuambia." Alilia alipokuwa akisema, na Leanne, aliyekuwa na hasira ya kumrushia kiti, alimpa leso. Tangu siku hiyo hata yeye akawa anaulizia habari za mwakani.

Zikafika. Video ya Merle ilikuwa imewanyamazisha wengi mtandaoni, pesa za Brisbane ziliingia, na Murray akatangaza kwamba nukta sasa zinatembea. Lilikuwapo tatizo moja tu: hakuna aliyekuwa amechukua mwendo wa Merle wakati bado anao. Murray akavaa nguo nyeusi ya kubana iliyobandikwa vidude vyeupe kwenye viungo, akazunguka ofisini akimpa kila mtu mkono, huku kamera zikimfuata. "Mwendo ni mwendo," alimwambia Garth. Garth akaandika hivyo hivyo kwenye kompyuta.

Mtaa mzima tulialikwa, tukaja na sahani zetu. Garth alibonyeza. Merle akaweka kikombe chini kwa kishindo, na mvuke ukapanda na kupotea. Akasimama, miguu imetanuka. Midomo yake ilifungika ikawa tabasamu pana. Akapandisha mkanda asiokuwa nao, akashuka barazani akiyumbisha mabega, akamwendea Leanne na kumnyooshea mkono.

Leanne akaupokea. Mama yake akautikisa kwa nguvu, huku mkono wa pili ukimgonga gonga kiwikoni.

"Mama, ulikuwa unataka kusema nini?"

Merle alikuwa ameshamtazama mtu wa nyuma yake. Akamwachia, akasogea kwa Nola, akanyoosha mkono. Watu walipiga makofi, wengine wakatokwa na machozi ya furaha, na Murray akawa anamuuliza Nola, huku Merle bado amemshika, kama Jumatatu atakuwa nyumbani, mashine ipite na kwake. Nola alisema atakuwapo. Mstari ulikuwa umeshajipanga wenyewe hadi kwenye uzio, kila mtu akifuta mafuta ya vikeki mkononi. Leanne alizunguka nyuma ya watu, akaenda kusimama mwisho.